Verna Isaksen, Mpanga Njia

Mtu wa Coos Bay, hapa pwani ya Oregon, akitaka kusafiri mbali kwa gari, hata awe na simu inayomwelekeza kwa sauti ya mwanamke, mwisho wa yote atakuja kwa Verna Isaksen. Atakuja na aibu kidogo, maana kwanza amejaribu kujipangia mwenyewe, simu ikampitisha barabara ya malori ya magogo huko milimani, akarudi na tairi mbili zimepasuka. Verna hamcheki. Anamwambia akae, anammiminia kahawa, anatandika ramani mezani.

Mimi nakaa nyumba ya pili kutoka kwake, na huu ni mwaka wa ishirini na sita. Nafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa mjini, kuogesha na kulisha. Zamu yangu inaisha saa nane mchana, na saa nane na nusu niko jikoni kwa Verna, nimevua viatu, najipikia chai yangu kwa sababu yeye chai hajui na hatajua. Nasema mapema tusije tukagombana: mwanamke huyu nampenda. Anayetaka habari zake zisizo na upendeleo akaulize nyumba nyingine.

Ana miaka sabini na minne. Mrefu, mabega mapana, nywele nyeupe anazozikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, na zinaonekana hivyo. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja kwenye barabara ya mtoni, ukungu usioonesha hata pua ya basi, na hakuna mtoto aliyewahi kuchubuka goti. Watoto wale sasa wana vitambi na vipara. Akiwaambia kaa chini, wanakaa.

Shule zikifungwa kiangazi, yeye na marehemu mumewe Ivar walikuwa wanaingia garini na kupotea wiki sita. Oregon, California, Nevada, Utah, kote huko wamelala. Ivar alipofariki, Verna aliniambia kwamba kuendesha bila mtu wa kumwambia "tazama pale" ni sawa na kwenda kazini tu. Basi akaacha kwenda, akaanza kuwapangia wenzake.

Na anavyopanga, mwenzangu, ni kazi ya mtu mwenye akili zake. Hakuulizi unakwenda wapi. Swali la kwanza ni hili: "Nani anaendesha, na nani anakaa naye mbele?" La pili: "Nani anatapika kwenye kona?" La tatu anakuuliza huku anakutazama usoni: "Mligombana lini mara ya mwisho, na juu ya nini?" Ukishajibu hayo ndipo anachukua kalamu zake tatu, ya buluu kwa pwani, ya kijani kwa milima, ya chungwa kwa jangwa.

Pwani, anasema, unateremka kwenda kusini, hupandi kwenda kaskazini. Gari hapa linashika mkono wa kulia, kwa hiyo ukiteremka, anayekaa kando ya dereva ana bahari yote dirishani pake, hakuna gari la kupishana linalomkinga. Jangwani ukielekea mashariki usitoke asubuhi, jua litakutoboa macho. Kula, lala, ngoja saa saba. Jua likishakupita likawa mgongoni, milima ya mbele inapata rangi zake. Na mlimani usiamini ramani, amini aliyepita jana. Mimi sijawahi kufika hata Nevada, lakini naweza kukuelekeza, nimesikia sana.

Mwezi wa Aprili wakaja Orrin na Ardith Pruitt, wa mtaa wa nyuma. Orrin alikuwa mkata mbao kiwandani mpaka alipostaafu, mtu mfupi, mkavu, saa kubwa ya chuma mkononi. Ardith alifundisha piano nusu ya watoto wa mji huu. Walitaka safari ya kutimiza miaka hamsini ya ndoa: pwani yote ya chini, kisha kuvuka milima ya California, kisha jangwa la Nevada mpaka kwenye mawe mekundu ya Utah.

Orrin alikuja na mpango wake tayari, ameuandika nyuma ya bahasha. Siku tano.

Nieleze hapa jambo moja. Wanaume wa hapa wana ugonjwa wa kuwahi. Mtu akifika kwako kutoka safari ya mbali, kabla hajakusalimu atakwambia ametoka saa ngapi, amefika saa ngapi, na amesimama mara ngapi. Akisimama mara moja ni shujaa. Asiposimama kabisa, atasimuliwa mpaka mazishini. Mke na watoto wamebana mkojo majimbo mawili, yeye anasifiwa. Na Orrin Pruitt ndiye alikuwa mfalme wao.

"Hapa mpaka Reno masaa nane na dakika hamsini," alimwambia Verna, hata kahawa hajaonja. "Nimesimama mara moja."

"Ukaona nini njiani?"

"Barabara."

"Hiyo unayo hapa mlangoni, Orrin. Ungebaki tu."

Ardith akacheka. Orrin hakuona cha kuchekesha. Akaweka bahasha mezani, akaanza kueleza siku ya kwanza, Coos Bay mpaka San Francisco, bila kulala. Mimi nikamwambia kwetu tunasema kawia ufike. Akanijibu kwamba ndiyo maana niliondoka kwetu. Nikanywa chai yangu, maana nyumba si yangu.

Verna alikuwa hatusikilizi. Alikuwa anamtazama Ardith. Ardith ameinamia ramani, lakini haielekei. Ameinamisha kichwa upande, jicho moja juu ya karatasi, kama kuku anayekagua punje. Halafu akamimina kahawa, na kidole chake cha shahada kikaingia kikombeni, kikakaa pale mpaka kahawa ilipokigusa.

"Orrin," Verna akasema, "gari lako linalia. Nimelisikia mkija. Nenda kafungue boneti utazame ule mkanda."

Mkanda haukuwa na neno. Lakini mwanamume wa hapa ukimwambia gari lake linalia, hata awe mezani na nyama mdomoni, atatoka.

Mlango ulipofungwa, Verna akauliza polepole, "Ardith, tangu lini huoni?"

Ardith hakukataa. Akafuta kidole chake kwa kitambaa, akasema, "Tangu Novemba. Naona. Sioni katikati. Katikati pana shimo, kama mtu ameweka dole gumba kwenye picha. Pembeni kote kuko sawa. Daktari anasema shimo linapanuka, na hawezi kulizuia."

"Mpaka lini?"

"Krismasi, labda. Labda kabla."

"Na Orrin?"

"Orrin nimemwambia goti linauma, ndiyo maana siendeshi. Nimemwambia nimechoka na vitabu." Akashusha sauti, ingawa Orrin yuko nje kichwa ndani ya boneti. "Akijua, safari hakuna. Atanibeba kwa kila daktari kutoka hapa mpaka Portland, na macho yangu yataniishia kwenye viti vya kungojea. Sitaki yaniishie huko, Verna. Nataka yaniishie njiani. Niahidini hamtamwambia, nyote wawili."

Tukaahidi. Mimi niliahidi shingo upande, maana siri ya mke na mume ni moto wa makumbi, haionekani lakini inaunguza. Verna aliahidi kwa kumshika mkono.

Ule mpango Verna aliufanya siku kumi na moja, na sijamwona akifanya kazi vile. Alizoea kuwapeleka watu kwenye vitu vya kutazama mbele: daraja, maporomoko, jiwe lenye umbo la ngamia. Vyote akavifuta. Alikuwa amefumba ngumi mbele ya pua yake akizunguka jikoni, akitafuta mtu anabakiwa na nini. Aligonga kabati mara mbili. Halafu akaanza kutafuta mahali palipo papana. Ghuba ambayo maji yanakuzunguka kushoto na kulia. Msitu wa miti mikubwa ambao gari linapita katikati na vigogo vinakupita pembeni. Kilele cha njia ya juu kule milimani, ambapo theluji iko pande zote na mtu hahitaji kulenga kitu. Alinambia, "Katikati ya picha ni mahali watu wote wanapigania. Pembeni ndiko kwenye nafasi."

Bado alikuwa na Orrin na bahasha yake. Hapa ndipo utajua kwamba alilea watoto wa watu ndani ya basi. Hakubishana naye. Alimwita, akampa karatasi iliyojaa masaa. Siku kumi na nne, na kila kituo kina saa yake na dakika zake.

"Hii si safari ya wazee," akamwambia. "Hii ni ratiba. Hapa Gold Beach, saa tano na dakika ishirini. Siyo na kumi na tano. Ukiwahi umeshindwa, ukichelewa umeshindwa. Ivar aliweza siku tisa kati ya kumi na nne, wala sitegemei umfikie."

Ivar, Mungu amrehemu, hakuwahi kuvaa saa maisha yake yote. Orrin akaichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaangalia saa yake.

"Kumi na nne kati ya kumi na nne," akasema.

Waliondoka katikati ya Mei. Kila jioni simu ya Verna ikalia, naye akaiweka kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie. "Saa kumi na dakika nane, Verna. Ulisema kumi na dakika kumi. Nikasubiri dakika mbili kwenye maegesho." Ndiyo salamu yake. Halafu Ardith anachukua simu na kutuambia alichoona. Nyangumi hakuwaona, lakini aliona maji yakipanda na kushuka pande zote mbili. Msituni alitelemsha kioo, akasema miti ilikuwa inampita kama watu wanaotoka kanisani. Verna anazima simu. Anaweka alama ndogo kwenye ramani yake na kuosha vikombe. Nilijua ana furaha kwa sababu vikombe vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku ya saba, Jumamosi, ilikuwa ya milima. Verna alikuwa amewapigia watu wa barabara siku ya Alhamisi, wakamwambia njia ya juu itafunguliwa Jumamosi, matingatinga yameshasukuma theluji. Akaridhika. Ijumaa ikaanguka theluji nyingine kule juu, ya kuchelewa, na yeye hakupiga simu mara ya pili. Mwenyewe ndiye anayefundisha watu wapige asubuhi ile ile. Sijui akili yake ilikuwa wapi. Nafikiri ilikuwa kwa Ardith.

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, tuko mezani, saa tatu na nusu asubuhi. Simu ikalia.

"Verna," akasema Orrin. "Geti limefungwa. Wamelitia mnyororo. Niko chini hapa dukani ndipo nimepata mtandao."

Verna alikaa. Sijawahi kuona rangi ikimtoka mtu vile. "Ni kosa langu," akasema. "Orrin, sikuuliza leo. Kosa ni langu peke yangu."

"Haina neno. Ratiba imekufa, basi. Sita kati ya sita, hilo hakuna atakayenipokonya." Sauti yake haikuwa ya hasira, na afadhali ingekuwa. "Nageuza. Nikitoka sasa hivi niko Coos Bay saa mbili usiku, nikisimama mara moja. Milima haina miguu, tutakuja mwakani."

Mwakani. Nilimtazama Verna, Verna akatazama ramani. Ningekuwa mimi ndiye mwenye simu ningeshapasua siri, ahadi au si ahadi. Nilishavuta pumzi kabisa, na Verna akanishika kifundo cha mkono, akanibana mpaka nikanyamaza. Angeweza kumwambia maneno matano na kuiokoa safari. Alikuwa ameahidi. Akakaa na ile ahadi machozi yanamteremka, na mimi nikiwa na hasira naye, nasema kweli.

Ndipo tukasikia sauti ya Ardith, karibu na simu.

"Milima itakuwepo mwakani, Orrin. Mimi sitaiona."

"Una maana gani?"

"Macho yanakufa. Yameanza Novemba."

Lori la magogo likapita huko kwao, tukalisikia lote, mpaka likaisha.

"Unaniona mimi?" Orrin akauliza.

"Naona kofia. Naona masikio na mabega. Uso sina."

"Uso wangu huuoni?"

"Nikikuelekea, hapana. Nikitazama kando, naupata kidogo. Wiki nzima hii ukisema nami natazama kioo cha mbele, nawe unadhani nimenuna. Nilikuwa nakutazama wewe."

Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sina haya. Nilidhani simu imekatika.

"Verna," Orrin akasema mwishowe. "Bado uko?"

"Niko."

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

Nikangoja amtukane. Alikuwa na haki. Tulimsikia akivuta pumzi, akaikohoa.

"Basi nipangie upya," akasema. "Toa masaa yote. Nipe njia ambayo mtu anaona kwa pembeni."

Verna akafuta uso kwa kiganja, akavuta kalamu ya chungwa. Nilipomwona akiishika nilijua mtu yule amerudi. Akampeleka kaskazini mpaka kwenye njia ya mlimani isiyofungwa, ambayo theluji ingekuwa bado iko kandokando ya barabara, kisha akamshusha Nevada kwenye ile barabara ndefu inayokatiza bonde na safu ya milima, bonde na safu ya milima, mpaka Utah. Akamwambia mabonde yale ni mapana hivi kwamba hata ukifumba jicho moja na nusu, kinachobaki ni kingi kuliko vyote walivyowahi kuona. Watoke saa saba. Walale popote watakapochoka. Orrin akawa anaandika, nasikia kalamu, akirudia kila jina polepole. "Tena," anamwambia. "Sema tena hilo." Walimaliza saa tano kasoro.

Jioni ile simu haikulia. Kesho yake haikulia. Verna alizunguka jikoni akapika pai ya matunda mwitu ambayo hakuna aliyeiomba, akaiunguza, tukaila. Mara kwa mara anasema, "Ningepiga simu Ijumaa." Mimi namwambia, "Ungepiga Ijumaa, angekuwa amesimama juu ya theluji anaangalia saa, na mwenzake yuko peke yake na macho yake." Hakunisikia. Mtu hodari hasamehewi na nafsi yake upesi, na Verna ni hodari sana.

Siku ya nne ikalia, jua linataka kuzama. Upepo ulikuwa mwingi upande ule, tukamsikia Orrin akikinga simu kwa mkono.

"Mko wapi?" Verna akauliza.

"Sehemu. Nevada. Nimesimama kando ya barabara, hapapiti mtu."

Verna akauliza kwa mazoea, nadhani hakujua hata kama anauliza, "Mmefika saa ngapi?"

"Sijui."

Verna akanitazama. Mimi nikamtazama.

"Ardith yuko sawa?" akauliza.

"Yuko pale, kwenye boneti, amekaa. Kuna mlima huku umekuwa mwekundu wote. Anasema nikisimama hapa, kushoto kidogo ya mlima, yeye akitazama katikati yetu, anatupata wote wawili, mlima na mimi." Upepo ukapita. "Siwezi kuongea sana, Verna. Amesema nisisogee."